Spika za Bluetooth za Kubebeka: Anza na Sauti ya Mwimbaji, Besi Itafuata

Kwa muda wa miezi minne nimekuwa nikisikiliza spika nne za Bluetooth za kubebeka: JBL Flip 6, JBL Charge 5, Bose SoundLink Flex na Soundcore Motion+ ya kampuni ya Anker. Zote nne zinashikika kwa mkono mmoja, zote zinastahimili maji, na zote zinajulikana kiasi kwamba mnunuzi atakutana nazo mapema katika upekuzi wake. Nimeamua kuziandikia tathmini kwa sababu naona watu wengi wananunua spika kwa kusoma idadi ya wati ubavuni mwa boksi, au kwa kusikiliza mdundo mmoja mzito dukani, kisha baada ya wiki mbili masikio yanaanza kuchoka na wenyewe hawajui sababu. Nami nilipita njia hiyohiyo. Spika yangu ya kwanza, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa na besi ya kutetemesha meza, lakini kila nilipotaka kufuata maneno ya mwimbaji ilinibidi niongeze sauti, na kadiri nilivyoongeza ndivyo maneno yalivyozidi kuzama.

Msimamo wangu ni huu: spika ndogo ipimwe kwanza kwa sauti ya mtu. Hakuna chombo ambacho sikio linakifahamu kama sauti ya mwanadamu; hata asiyejua lolote kuhusu muziki hutambua kwa neno moja tu la simu kwamba rafiki yake ana mafua, na sikio hilohilo ndilo linalotambua kama mwimbaji amefunikwa blanketi au anaimba akiwa ndani ya ndoo. Kwa sababu hiyo nilichagua rekodi tatu ninazozijua kwa moyo: ya kwanza ni ya mwanamke anayeimba na gitaa moja tu, ya pili ni ya bendi nzima yenye gitaa la besi na ngoma, na ya tatu si muziki bali ni mwanamume mwenye sauti nzito anayesoma hadithi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifundisha mengi zaidi, maana msomaji hana ngoma ya kujificha nyuma yake: herufi "s" ikichoma sikio, au kifua chake kikivuma kama mtungi mtupu, kosa ni la spika.

Kuna tahadhari moja ambayo anayelinganisha spika akiikosa, hukumu yake yote hupinda. Spika inayolia kwa sauti kubwa zaidi, hata kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) mbili au tatu tu, karibu kila mara huonekana kuwa ndiyo bora. Sehemu ya sababu inajulikana tangu mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Laboratories walipochapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio huzisikia kwa udhaifu sauti nzito muziki unapokuwa chini, na huzisikia vizuri zaidi muziki unapopandishwa. Kwa hiyo niliweka simu yenye programu ya kupima desibeli mahali ninapoketi, nikarekebisha kila spika hadi ikafikia kipimo kilekile, ndipo nikaanza kusikiliza. Nilimwomba pia mwenzangu nyumbani azipange nyuma ya pazia jepesi na kuzibadilisha bila kuniambia ipi ni ipi, kwa kuwa Sean Olive na Floyd Toole, watafiti waliofanya kazi miaka mingi katika kampuni ya Harman inayomiliki JBL, walikwisha kuonyesha kwamba hata wasikilizaji wenye uzoefu hubadilisha alama wanazotoa pindi wanapoiona spika wanayoisikiliza. Hukumu mbili nilizokuwa nimeziandika kabla ya pazia nililazimika kuzifuta.

Nyuma ya pazia, sauti ya yule mwanamke ilinivutia zaidi katika SoundLink Flex. Ilikuwa na joto, ilikaa mbele ya gitaa bila kulimeza, na pumzi anayoivuta kabla ya kiitikio ilisikika kama pumzi, si kama mkwaruzo. Flip 6 ilinipa matamshi makali zaidi, kila konsonanti mahali pake, na msomaji wa hadithi alieleweka hata nilipokuwa chumba cha pili. Charge 5 ilikuwa na tabia ileile ya Flip 6 ila kwa kifua kipana zaidi, kana kwamba mwimbaji yuleyule amesogea hatua moja mbele. Motion+ ilikuwa angavu kupita nilivyopenda, lakini ina programu ya simu inayokuruhusu kurekebisha masafa ya sauti kwa mkono, na baada ya kupunguza kidogo sauti nyembamba na kuizima kabisa ile kazi ya kukuza besi, ilibadilika na kuwa spika ninayoweza kuisikiliza jioni nzima.

Inafaa kueleza kwa nini matamshi ya Flip 6 yako wazi kiasi hicho. Mtangulizi wake, Flip 5, alikuwa na kiwambo kimoja tu, yaani ile sehemu inayotikisika na kutoa sauti, kilichobeba kazi zote, nzito na nyembamba. Flip 6 ina wufa, kiwambo cha sauti nzito, ya umbo la yai yenye milimita 45 kwa 80 na twita ya milimita 16 inayoshughulikia sauti nyembamba peke yake. Charge 5 ina mpangilio uohuo kwa vipimo vikubwa zaidi, milimita 52 kwa 90 na twita ya milimita 20. Kiwambo kimoja kikilazimika kutoa mdundo wa besi na sauti ya mwimbaji kwa wakati mmoja, mwimbaji hupanda juu ya mwendo wa besi kama abiria kwenye mashua yenye mawimbi, na sauti yake hutikiswa kila kiwambo kinapokwenda mbele na kurudi nyuma. Hata hivyo, twita peke yake si dhamana ya lolote: SoundLink Flex haina twita, na bado sauti ya mtu ndani yake inaipita ile ya spika nyingi zenye viwambo viwili, kwa sababu wahandisi wake waliishughulikia sauti ya kati kwa uangalifu.

Sasa besi, ambayo ndiyo inayouza spika. Besi ni hewa inayosukumwa. Ili kiwambo kitoe noti iliyo oktavu moja chini, yaani yenye nusu ya mitikisiko, kwa ukubwa uleule wa sauti, kinapaswa kusukuma hewa mara nne zaidi, na hapo ndipo boksi dogo linapofikia ukomo wake, hata likitengenezwa na fundi hodari kiasi gani. JBL yenyewe inaandika kwamba Flip 6 inaanzia hezi 63, yaani mitikisiko 63 kwa sekunde, na Charge 5 inaanzia hezi 60, ilhali uzi mnene kuliko zote wa gitaa la kawaida la besi hulia kwenye hezi 41. Kwa hiyo msingi wa zile noti za chini kabisa hautoki kwenye spika hizi kwa nguvu ya maana. Kinachotoka ni zile sauti za juu zinazoambatana na kila noti, na ubongo wa msikilizaji ndio unaojaza msingi uliokosekana. Jambo hili ni la kweli na si udanganyifu wa kulaumiwa, kwani bila uwezo huo wa ubongo hakuna spika ya kubebeka ambayo ingeburudisha. Linamsaidia tu mnunuzi ajue cha kudai: besi ya spika ndogo inapaswa kuwa na noti zinazotofautiana, unazoweza kuzifuata kwa mluzi. Ikiwa kila noti inatoa "bum" moja isiyobadilika, hapo boksi ndilo linalolia, muziki umeachwa nyuma.

Ukitaka kuona hewa hiyo ikifanya kazi, tazama ncha mbili za Charge 5. Kila ncha ina kiwambo kisicho na sumaku wala koili, kinachosukumwa na hewa iliyobanwa ndani ya boksi pale wufa inaporudi nyuma. Weka kidole juu yake kwa wepesi wimbo wenye gitaa la besi ukiwa unaendelea, nawe utahisi kikipumua ndani na nje, wakati mwingine kwa milimita kadhaa, kisha kikitulia palepale noti inapokatika. Kutulia huko ndiko kunakotenganisha besi nzuri na mbaya, kwa maana kiwambo kinachoendelea kutikisika baada ya noti kwisha hutia tope katika kila kinachofuata. Usikandamize kwa nguvu, na usisimamishe spika hizi kwa ncha juu ya mchanga. Besi pia hubadilika kwa mahali: spika ikisogezwa karibu na ukuta hupata uzito zaidi, na ikiwekwa pembeni ambapo kuta mbili zinakutana hupata zaidi hata ya hapo, jambo linalofaa kwa Flip 6 lakini ambalo liliifanya Charge 5 ivume kupita kiasi chumbani kwangu. SoundLink Flex ina kihisi kinachotambua kama imesimamishwa, imelazwa au imetundikwa, na hurekebisha sauti yake ipasavyo. Nilidhani ni pambo la matangazo, lakini nilipoilaza chali mezani sauti ya msomaji haikuzama kama nilivyotarajia.

Kuhusu wati nitasema machache. Kuongeza wati mara mbili huleta desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushangaa, na ili muziki usikike kuwa mkubwa maradufu zinahitajika takriban desibeli kumi, yaani wati mara kumi. Flip 6 inaandikwa wati 20 kwa wufa na 10 kwa twita, Charge 5 wati 30 na 10, Motion+ wati 30. Namba hizo ziko karibu sana kuliko zinavyoonekana, na boksi lenye ukubwa uleule linalodai mamia ya wati limeandika wati za kilele cha sekunde moja, au limeandika uongo.

Jaribio la muhimu zaidi ni la kupandisha sauti hatua kwa hatua, na nawasihi wanunuzi walifanye wakiwa bado dukani. Anza katika nusu ya uwezo wa spika, kisha panda taratibu huku ukimsikiliza mwimbaji peke yake. Spika nyingi ndogo zina saketi inayopunguza besi kadiri sauti inavyopanda ili kiwambo kisipasuke, kwa hiyo muziki kuwa mwembamba kidogo huko juu ni jambo la kawaida na la busara. Kasoro iko kwingine. Katika ile spika yangu ya kwanza, kila ngoma ilipopigwa mwimbaji alizama, ngoma ilipopita akarudi, akazama tena, kama mtu anayezungumza huku mlango ukifunguliwa na kufungwa. Saketi ya ulinzi ilikuwa inaubana wimbo wote kwa ajili ya mpigo mmoja. Ukishaisikia kasoro hiyo mara moja huwezi tena kutoisikia, na hakuna mpangilio wa programu utakaoiondoa. Kati ya spika hizi nne, Charge 5 ndiyo iliyopanda mbali zaidi kabla ya mwimbaji kuguswa. Nje, mahali pasipo kuta za kurudisha sauti, kila umbali unapoongezeka maradufu unapoteza desibeli sita, hivyo akiba hiyo ya Charge 5 ina kazi ya kweli kwa anayesikiliza uani.

Flip 6, Charge 5 na SoundLink Flex zote hutoa chaneli moja: kulia na kushoto vimechanganywa. Motion+ pekee ndiyo yenye chaneli mbili, lakini viwambo vilivyoachana kwa upana wa kiganja havitoi upande wa kulia na wa kushoto isipokuwa umeketi mbele yake kwa umbali wa mkono. Anayetaka stereo ya kweli anunue spika mbili za aina moja na kuziunganisha. Hapa ajihadhari na vizazi: JBL ilihama kutoka mfumo wake wa kuunganisha spika, PartyBoost, unaotumiwa na Flip 6 na Charge 5, kwenda Auracast katika Flip 7 na Charge 6 za mwaka 2025, na mifumo hiyo miwili haizungumzi. Mwenye spika ya zamani anayetaka kuiongezea pacha atafute ya kizazi kilekile.

Wapo wanaoanza uchaguzi wao kwa kodeki, yaani namna simu inavyoubana muziki kabla ya kuurusha hewani. Kila spika ya muziki ya Bluetooth inaelewa SBC, ambayo kwa kawaida hufikia takriban kilobiti 328 kwa sekunde; simu za iPhone hupendelea AAC; Motion+ inaongeza aptX, ambayo iPhone haina; na LDAC ya Sony hufika hadi kilobiti 990. Nilibadilisha kati ya SBC na aptX katika Motion+ mara nyingi, na kwa ukubwa wa viwambo hivi sikuweza kutofautisha nyuma ya pazia. Kodeki ina maana kwenye vipokea sauti vya masikioni vya hali ya juu; kwenye spika ya gramu 550 nisingeifanya kuwa sababu ya kuchagua. Kilicho muhimu zaidi ni kuchelewa kwa sauti. Programu nyingi za video hurekebisha picha ili midomo ifuatane na maneno, lakini michezo ya simu na ala za muziki za kugusa haziwezi kufanya hivyo, na hapo waya ndio tiba. Motion+ ina tundu la waya la milimita 3.5, Flip 6 na Charge 5 hazina.

Wasikilizaji wa hadithi na mahubiri wachunguze jambo jingine ambalo sijaliona likiandikwa vya kutosha. Baadhi ya spika hujizima sauti kwa siri penye ukimya ili kuokoa chaji, kisha huchelewa kuamka, na silabi ya kwanza ya sentensi inayofuata humezwa. Kwenye muziki hutaliona kamwe. Mpe msomaji wako dakika tano, sikiliza mwanzo wa kila aya.

Kuhusu chaji, Flip 6 na SoundLink Flex zinaahidi saa 12, Motion+ pia 12, na Charge 5 saa 20 kutokana na betri yake ya mAh 7500. Ahadi hizo hupimwa kwa sauti ya wastani, na kwa yule anayepiga muziki karibu na kilele zinaweza kushuka chini ya nusu, kwa kuwa besi ndiyo mlaji mkubwa. Kwa matumizi yangu ya chumbani nilizikaribia. Charge 5 ina pia tundu la kuchajia simu, ingawa kila asilimia unayoipa simu unaitoa kwenye muziki. Betri hizi ni za lithiamu, na huzeeka haraka zikiachwa tupu kwa miezi au zikikaa kwenye joto la gari lililofungwa. Spika unayoiweka kabatini ihifadhi ikiwa na nusu ya chaji.

Alama za maji zisomwe tarakimu kwa tarakimu. IP67, iliyopo kwenye JBL hizi mbili na kwenye SoundLink Flex, inamaanisha vumbi haliingii kabisa na spika ilijaribiwa ndani ya maji ya kina cha hadi mita moja kwa dakika 30. IPX7 ya Motion+ ina uwezo uleule wa maji, ila ile "X" inaonyesha kwamba haikutangaziwa kipimo chochote cha vumbi, kwa hiyo mchanga mwembamba ni hatari kwake. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Spika iliyorushiwa maji ya bahari isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikaushwe, na tundu la kuchajia liachwe saa kadhaa kabla ya kuchomekwa waya, maana unyevunyevu pamoja na umeme hulitia kutu tundu hilo hata kama boksi lenyewe halikuingiza tone.

Kwa kuwa zipo nakala bandia za spika zinazopendwa, ipime kwenye mizani kabla muda wa kurudisha haujaisha: Flip 6 halisi ina gramu 550 na Charge 5 ina gramu 960. Uzito mkubwa wa spika uko kwenye sumaku na betri, ambavyo ndivyo mwigaji huanza kuvipunguza.

Kwa anayeishi peke yake au anayesikiliza zaidi sauti za watu, waimbaji na wasomaji, katika chumba cha kawaida, ningemshauri SoundLink Flex bila kusita. Kwa anayetembea na spika begini na anayetaka maneno yasikike penye kelele, Flip 6. Kwa familia na uani, Charge 5, ambayo gramu zake 410 za ziada zinaonekana waziwazi kwenye besi na kwenye saa za chaji. Motion+ ni ya mtu mvumilivu anayependa kurekebisha sauti kwa mkono na anayehitaji tundu la waya. Bila programu yake ya simu nisingeichagua, na nikiwa nayo naiweka juu ya Flip 6 kwa muziki wa bendi. Mimi nimebaki na mbili: Charge 5 iko karibu na mlango wa nyuma, na SoundLink Flex iko kwenye rafu ya kitanda, sauti ikiwa chini kabisa, ambapo msomaji wangu wa hadithi bado anaeleweka neno kwa neno.